Mwalimu Kiputo na Ukurasa wa Kumi na Moja

Jina lake kamili liko kwenye jalada la ratiba hii ya mazishi, chini ya picha aliyoichagua mwenyewe, ile ambayo anatazama pembeni. Alisema picha ya mtu anayeitazama kamera inafanana na kitambulisho. Humu ndani ataitwa Mwalimu Kiputo. Familia ilijadili kama jina hilo linafaa kusomwa mbele ya jeneza, ikaonekana kwamba kulikataa ni kujisumbua bure, maana nusu ya waliofika leo hawamjui kwa jina lingine, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomwita hivyo kwanza. Kwa nini aliitwa hivyo, na kwa nini aliitika, litaelezwa kwa utaratibu wake. Yeye mwenyewe asingependa turukie kwenye kiini kabla ya kupita kwenye ukuta.

Alizaliwa Jumamosi tarehe 9 Juni 1951, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya vyumba vitatu ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa karakana. Baba yake alikuwa fundi saa, mama yake alishona mashuka ya hospitali. Kwa hiyo alikulia kati ya mtu aliyetazama vitu vidogo mno kwa jicho moja na mtu aliyetazama vitu virefu vyeupe kwa macho yote mawili. Akiwa na miaka sita aliichukua ile lenzi nyeusi ambayo baba yake huibana jichoni, akatoka nayo uani kumtazama sisimizi. Aliporudi alitoa taarifa kwamba sisimizi ana kiuno. Baba yake, ambaye bila lenzi hiyo alikuwa amepiga magoti akipapasa sakafu kutafuta skrubu ya saa ya mteja, alimjibu kwamba habari ni njema ila ingeweza kusubiri. Dada yake, mtoto wa pili na wa mwisho, alizaliwa miaka tisa baada yake. Mama yao akiulizwa kuhusu pengo hilo alisema walitaka kwanza waone huyu wa kwanza anatokea vipi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, na sekondari kuanzia 1966 hadi 1971. Kote huko alikuwa wa kwanza au wa pili darasani, kutegemea kama binti wa mwoka mikate alikuwa na afya njema wiki ya mtihani. Sekondari yake ilikuwa na hadubini moja, na hadubini hiyo ilikaa ndani ya kabati lenye mlango wa kioo na kufuli. Ilitolewa mara moja kwa mwaka ili ifutwe vumbi, na mwanafunzi bora wa biolojia alipewa heshima ya kushika kitambaa. Marehemu alishika kitambaa mara mbili. Chuo cha ualimu, alikosoma kuanzia 1972 hadi 1974, kilikuwa na hadubini mbili kwa wanachuo themanini. Walipanga foleni. Zamu yake ilipokaribia, kengele ya chakula ililia, na yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Alihitimu kwa daraja la kwanza. Angeweza kuichora seli ya mmea, ukuta, utando, kiini na vyote vilivyomo, huku akizungumza na wewe mambo mengine kabisa. Hakuwa ameiona hata moja. Jambo hilo hakumwambia mtu, na kwa haki, hakuna aliyemuuliza.

Januari 1975 alipangiwa sekondari ya kutwa iliyokuwa mwendo wa dakika kumi na mbili kutoka nyumbani. Humo, kidato cha pili, dawati la tatu upande wa dirisha, alimkuta dada yake. Waliafikiana mezani mbele ya wazazi: nyumbani ataitwa kaka, shuleni ataitwa mwalimu, na katika zile dakika kumi na mbili za njiani wasiitane chochote. Dada mtu alikuwa na miaka kumi na mitano na alishajua anachotaka. Alitaka kuingia mkondo wa sayansi, kisha awe mtaalamu wa maabara, avae koti jeupe, akae kwenye kiti kirefu, na asisumbuliwe.

Jumatano tarehe 17 Septemba 1975, Mwalimu alifungua kabati la shule hiyo, akatoa hadubini, na akafundisha somo lake la kwanza la kutazama seli. Alibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaitandika juu ya kioo, akadondosha tone la maji, kisha akafunika kwa kile kioo chembamba cha juu kama mtu anavyofunika sufuria, pwaa. Akainama akatazama. Aliona duara kubwa, lenye ukingo mweusi uliokoza, na ndani yake mng'aro kama wa mwezi. Kitabuni seli ya kitunguu ilikuwa na kona na hii haikuwa nazo, lakini alijiambia kwamba kitabu kimechorwa na watu wa mbali na kitunguu ni cha hapa hapa. Akawageukia wanafunzi.

"Leo wekeni vitabu kando," alisema. "Kila mtu achore anachokiona kwa macho yake."

Walikuwa arobaini na wanne. Arobaini na watatu walichora duara, wengine kwa kutumia kifuniko cha wino ili liwe duara hasa. Wa arobaini na nne alikuwa dada yake. Yeye alipoinama alikigusa kioo kwa kidole, kikasogea kidogo, naye akachora alichokiona: visanduku virefu vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kikiwa na kidoa kimoja ubavuni.

"Hiki ni nini?" Mwalimu aliuliza alipofika kwenye dawati la tatu.

"Nilichokiona, mwalimu."

"Wenzako wote wameona duara."

"Mimi nilisogeza."

"Nani alikwambia usogeze?"

Ukurasa wa kumi na moja wa daftari la dada yake ulipata sifuri juu ya kumi, kwa wino mwekundu, na maneno: Umechora ukuta wa nyumba. Marehemu alikiri miaka mingi baadaye kwamba aliiandika sifuri ile kwa mkono mzito kidogo kuliko kawaida, ili pasitokee mtu wa kusema anampendelea ndugu yake. Hakuna aliyesema. Desemba mikondo ilipopangwa, dada yake aliikosa sayansi kwa alama nne. Alipelekwa ushonaji.

Februari 1976 alikuja mkaguzi, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa, ambaye aliketi nyuma ya darasa akafunua madaftari bila kusema neno hadi wanafunzi walipotoka. Kisha alimwita.

"Mwalimu, hii ni seli ya nini?"

"Ya kitunguu, mama."

"Na hii?"

"Ya kitunguu hicho hicho."

"Zimefanana sana. Sijawahi kuona seli zenye nidhamu hivi." Akamwomba kitunguu, kioo na maji. Kile kioo cha juu hakukifunika kama sufuria. Alikilaza taratibu kutoka upande mmoja, akikishikilia kwa ncha ya sindano, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Tazama sasa. Wanafunzi wako wamechora hewa, mwanangu. Kiputo kimoja cha hewa, mara arobaini na tatu."

Mwalimu aliinama. Akaona ukuta wa nyumba.

Wanaomfahamu wanajua kwamba hapo mtu mwingine angefunga kabati na kuomba uhamisho. Yeye kesho yake alfajiri alikuwa mlangoni kwa mwalimu mkuu, akiomba dada yake arudishwe mkondo wa sayansi.

"Orodha zimefungwa," mkuu alimwambia.

"Nani amezifunga?"

"Mimi."

"Basi si unaweza kuzifungua?"

"Nikizifungua kwa dada yako, kesho watanijia dada za watu wote."

Kutoka hapo aliingia darasani, akasimama mbele ya wale wale, pungufu mmoja, akawaambia kwamba arobaini na watatu walikosea kwa sababu yeye alikosea, na mmoja aliyepatia ndiye aliyepewa sifuri. Kisha sauti ya nyuma ikauliza, "Kwa hiyo mwalimu, zile alama tisa zangu nilipewa za nini?" Akajibu, "Za kiputo." Jina lilianza kutumika kabla ya kengele. Alilisikia likipita dirishani akiwa bado anafuta ubao, na kwa maelezo yake, aliona ni haki.

Jioni alimfuata dada yake karakanani, ambako alikuwa anajifunza kupinda shuka kwa cherehani ya mama yao.

"Nimekuja kukuomba radhi, mdogo wangu."

"Umekuja kama kaka au kama mwalimu?"

"Wote wawili."

"Basi mmoja akae kwenye kigoda, mwingine asimame. Siwezi kuwasikiliza kwa pamoja."

Akakaa kwenye kigoda. "Lete daftari nilisahihishe."

"Ukisahihisha daftari, na mkondo utasahihishika?"

Dada yake aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa shuka, akakata uzi kwa meno.

"Daftari ninalo," alisema. "Siku nitakayoona inafaa nitakuletea mwenyewe."

Hawakununiana. Waliendelea kula meza moja na kupokezana chumvi. Lakini kila mwaka, tarehe 17 Septemba, marehemu alimwuliza, "Vipi, leo?" na kila mwaka dada yake alijibu, "Bado." Aliuliza hivyo kwa mdomo, kwa barua alipokuwa kozini, kwa simu zilipokuja simu, na mwaka mmoja kwa kadi ya kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa ambayo ilikuwa ya mwezi mwingine.

Yaliyofuata ni miaka thelathini na mitano ya kazi, na wengi mlio hapa mnaifahamu kuliko familia, kwa sababu mlikuwa ndani yake, baadhi yenu mkiwa mitokondria. Mwalimu alikuwa ameapa kwamba hakuna mtoto atakayechora tena seli kwa kuambiwa. Aliizungusha kamba sakafuni, akaiita utando, akaweka mabawabu wawili wa kuhoji kila anayetaka kuingia: wewe ni nani, una shida gani, ni sukari au ni sumu. Walioitwa sukari walipita. Watukutu wote wa darasa walitaka kuwa bawabu, na walipopewa kazi hiyo waligeuka wakali kuliko wenye ofisi. Akitaka seli ya mmea alizungushia madawati nje ya kamba yawe ukuta, na pipa la maji katikati liwe vakuoli. Pipa likimwagwa, mmea ulinyauka, na kunyauka kulifanywa kwa mwili. Mwalimu mkuu mmoja, akipita dirishani, aliwakuta watoto hamsini wamelala chini na mwalimu wao amesimama juu yao akiwa na ndoo. Alirudi ofisini bila kuuliza. Aliandika barua ya malalamiko kwanza.

Aliweka mfuko wa plastiki uliojaa maji mezani, na mfuko ukalala kama mtu aliyeshiba. Hiyo, alisema, ni seli ya mnyama. Akautia mfuko huo huo ndani ya boksi la viatu, ukasimama wima, na hiyo ikawa ya mmea. Kiini kilikuwa kokwa la parachichi. Aliwaamuru wanafunzi waandike barua rasmi kwa niaba ya sehemu za seli, na katika karatasi zake imo barua ya kloroplasti ya mwaka 1988 inayoomba kazi kwenye seli ya mnyama, pamoja na jibu la kukataliwa, lenye heshima zote, linaloeleza kwamba mwombaji ana sifa nzuri lakini taasisi hii inakula vilivyopikwa tayari. Aliendesha kesi. Mshtakiwa, mwanafunzi aliyefungwa kitambaa cha kijani, alikana mahakamani kuwa ni mmea. Mwendesha mashtaka, msichana mwembamba asiyecheka, alimuuliza swali moja tu: "Unasimamaje bila mifupa?" Kesi ikaishia hapo. Msichana huyo mtamkuta tena mbele.

Na kila mwaka, somo la kwanza kabisa, kabla ya kamba na maboksi, Mwalimu alifunika kioo kama sufuria makusudi, akawaacha wachore duara, akakusanya, kisha akawasimulia habari ya sifuri. Alisema wazi aliyeitoa alikuwa nani na aliyepewa alikuwa nani. "Kikiwa duara mno," aliwaambia, "kisogeze kwanza." Mkipita leo kwenye maabara ile mtaona maneno SOGEZA KWANZA yamechongwa kwenye meza ya mbele. Shule ilitaka kumwita mzazi wa mharibifu, ikakosa imwite nani. Waliochonga walikuwa wengi mno.

Mwaka 1977, dada yake akiwa na fremu yake ya biashara na cherehani mbili, Mwalimu aliingia kama mteja.

"Nataka unishonee seli."

Dada yake alivuta futi ya kupimia kutoka shingoni. "Ya mnyama au ya mmea?"

"Zote mbili. Ziwe kubwa, mtu akae nyuma azione."

Alizishona kwa wiki mbili. Utando ulikuwa wa chandarua, ili kilicho kidogo kipite na kikubwa kizuiwe, na hilo hakuambiwa na mtu. Kloroplasti zilikuwa vifungo vya kijani vya koti. Katika seli ya mmea kiini hakikuwa katikati.

"Umekiweka pembeni," Mwalimu alisema.

"Nilikiona pembeni."

Mwalimu alizikunja seli zake akaondoka. Mwezi uliofuata alirudi kumwomba aje darasani mwenyewe, na dada yake alikuja, akiwa na pini mdomoni na koti jeupe alilolishona kwa mabaki ya shuka za hospitali. Alikuja kila Machi kwa miaka thelathini na minne. Wanafunzi wengi waliamini ni mtaalamu aliyetumwa na wizara, na hakuna aliyewasahihisha.

Jumamosi tarehe 20 Desemba 1980 Mwalimu alifunga ndoa na mkutubi wa maktaba ya mji. Uchumba wao ulianza kwa sababu aliazima kitabu kimoja cha kuvu mara saba mfululizo, na mara ya nane mkutubi alimwambia kwamba kitabu ameshakiharibu kwa kukipenda, aseme anachotaka. Akasema. Mama huyo, aliyeketi mbele yetu leo, aliishi miaka thelathini na saba na nusu na kabati la jikoni lenye mkate wa ukungu uliobandikwa karatasi USITUPE. Alitupa mara moja tu, mwaka 1983, na anasema mpaka leo hajui ni nini alichoua. Alipomlalamikia wifi yake, fundi alimjibu, "Wifi, shukuru. Wewe umepewa ukungu. Mimi nilipewa sifuri." Walielewana tangu siku hiyo. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti na mvulana, ambao walijifunza kuosha mikono kabla ya kujifunza kutembea.

Alistaafu Juni 2011. Novemba 2016 alianza kuchoka kwa namna ambayo chai haikuitibu, na Januari 2017 hospitali ya mkoa ilimwambia ana saratani ya damu. Daktari alimweleza kwa upole sana, na marehemu alimsikiliza kwa upole sana, kisha akaomba kwenda maabara. Aliyekuwa kwenye kiti kirefu, ndani ya koti jeupe, alikuwa yule mwendesha mashtaka mwembamba asiyecheka. Alimwekea slaidi ya damu yake mwenyewe.

Mwalimu alishika kioo kwa ncha za vidole. Alikisogeza kwanza.

Alitazama kwa muda mrefu, akaomba penseli, akachora. Alisema chembe zenyewe kwa umbo ni nzuri, tatizo ni tabia: zinazaana bila kuuliza mtu na hazisikii bawabu. Wageni waliomtembelea kumpa pole walielezwa ugonjwa wake kwa vifungo vya koti juu ya blanketi, na walitoka wakiwa na huzuni lakini wamefaulu. Dada yake alikuwa akija kila siku ya pili, akikaa upande wa dirisha, akipapasa pindo za mashuka ya wodi na kusema yameshonwa na mtu mvivu. Septemba 2017 ilipofika, Mwalimu alimuuliza kama kawaida. Dada yake alisema, "Bado," lakini safari hii hakumtazama.

Jumapili tarehe 17 Juni 2018, baada ya chakula cha mchana, alikuja na mfuko wa vitambaa. Binti wa marehemu alikuwepo, na ndiye aliyesimulia haya.

"Kaka, nimekuletea kazi."

"Leo si Septemba."

"Septemba iko mbali," dada yake alisema.

Akatoa daftari. Lilikuwa limefungwa ndani ya kipande cha shuka nyeupe na kushonwa pande zote nne, na ilibidi aombe mkasi wa wauguzi kulifungua. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na rangi ya chai. Mwalimu alidai miwani yake, kisha kalamu nyekundu, na aliposogezewa ya bluu aliikataa, ikabidi binti ateremke ghorofa mbili hadi kwa karani wa mapokezi. Aliporudi, baba yake alikuwa bado anautazama mchoro.

"Hata siku ile kiini ulikiona pembeni," alisema.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia. Ulichora."

"Kwani nilitakiwa nifanye kipi?"

Mwalimu alikata ile sifuri kwa mstari mmoja ulionyooka, ingawa asubuhi hiyo kijiko kilikuwa kimemshinda. Maneno yale ya ukuta wa nyumba nayo aliyakata. Akaandika alama mpya, akasaini, akaweka tarehe, akampa daftari.

Dada yake alisoma. Akasoma tena.

"Tisa?"

"Tisa."

"Baba," binti aliingilia, "shangazi amesubiri miaka arobaini na miwili na miezi tisa."

"Hakuandika imekuzwa mara ngapi," Mwalimu alisema. "Mchoro usio na ukuzaji unapoteza alama moja. Wote nawakata."

Dada mtu alikaa na daftari mapajani, kisha akaanza kucheka, kicheko kilichotoka tumboni na kumtoa machozi, mpaka muuguzi akachungulia mlangoni kuona kama kuna mgonjwa aliyezidiwa. Alipotulia alipangusa macho kwa kile kipande cha shuka.

"Mara mia moja," alisema. "Lenzi ile nyingine ilikuwa imepasuka, hukumbuki?"

"Nakumbuka. Lakini mtihani ulishaisha."

Baadaye kidogo Mwalimu alimuuliza swali ambalo hakuwahi kuuliza katika Septemba zote zile: kwa nini alimchelewesha hivyo. Dada yake aliikunja shuka vizuri, pembe kwa pembe, kabla ya kujibu.

"Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na hasira, sikatai. Baadaye nilikuja darasani kwako na lile koti langu, nikawaona watoto wamelala chini wananyauka. Nikajiambia, huyu nikimpa daftari lake atatulia. Atafunga kabati, afundishe kitabu kama wenzake." Akamrekebishia mto. "Nikaona afadhali nikae nalo."

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu wa kupima jambo hata akiwa kitandani.

"Ni kweli," alisema. "Ningetulia."

Alilala vizuri siku hiyo, na siku nyingi zilizofuata. Alifariki Jumatano tarehe 11 Julai 2018, saa nne kasorobo asubuhi, katika wodi namba tano, mke wake akimshika mkono wa kulia na dada yake akimnyooshea shuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo kwa subira yao, na hasa mtaalamu wa maabara, aliyemtendea mgonjwa wake kama mwalimu wake. Inamshukuru karani wa mapokezi kwa kalamu, ambayo haijarudishwa. Inawashukuru waajiri wote waliowahi kuandika barua za malalamiko, kwa kuwa zimetunzwa na zinasomeka vizuri. Na inamshukuru Mungu kwa mtu aliyekosea mara moja mbele ya watu, akasema nimekosea mbele ya watu wale wale, kisha akaifanya kazi hiyo hiyo vizuri kwa maisha yake yote yaliyobaki.

Ameacha mke, mkutubi mstaafu, aliyesema kabati la jikoni litabaki lilivyo hadi arobaini iishe. Ameacha binti, daktari wa mifugo, na mwana, fundi wa majokofu. Wajukuu wanne, ambao mdogo wao ana miezi minane na bado anathibitisha kila kitu kwa kukitia mdomoni. Mkwe mmoja wa kike na mmoja wa kiume. Dada yake mmoja, fundi. Na wanafunzi ambao shule ilikadiria ni elfu sita, ingawa waliofika leo wanaonekana kuzidi.

Daftari liko kwenye meza ndogo, kando ya kitabu cha rambirambi. Mwenye kutaka kuliona alifunue ukurasa wa kumi na moja, baada ya kunawa mikono. Alama ni tisa, na hazitabadilishwa tena.

Mwalimu Kiputo, kazi zote zimeshasahihishwa. Pumzika kwa amani.